Tusiwakalishe Wazee Wetu, Tuwachezeshe Dansi



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unawaacha kidogo watoto na chanjo zao, unawageukia wazee. Tunayo maoni ambayo huenda yakawashangaza baadhi yenu. Tunaomba familia zetu ziache kuwakalisha wazee kutwa nzima, na badala yake ziwachezeshe dansi. Tena ile dansi ya wawili wawili, rumba na chacha, ambayo wengi wao waliicheza ujanani. Hatufanyi mzaha. Maoni haya tumeyapata wodini, kando ya vitanda vya wazee waliovunjika nyonga.

Mama wa kiti cha plastiki

Mama mmoja wa miaka sabini na kitu aliletwa kwetu akiwa amelazwa juu ya godoro nyuma ya pikapu. Aliamka usiku kwenda msalani, akajikwaa kwenye kizingiti cha mlango wake mwenyewe, akaangukia ubavu. Mguu wake ulikuwa umefupika na unyayo umegeukia nje. Sisi wauguzi tukiona mguu wa namna hiyo, hata kabla ya picha ya eksirei tunakuwa na wasiwasi mkubwa kwamba shingo ya mfupa wa paja imevunjika. Na ndivyo ilivyokuwa.

Tulipouliza habari zake, wanawe walitueleza kwa uchungu jinsi walivyomtunza. Na kweli walimtunza. Wale waliokuwa kazini Mtwara na Dar es Salaam walileta fedha kila mwezi. Walimnunulia kiti cha plastiki chenye mikono, wakamwekea kibarazani. Walimtafutia binti wa kuteka maji, kupika na kufagia. Mama akinyanyuka kushika ufagio, ananyang'anywa. Akitaka kwenda kwa jirani, anaitwa bodaboda. Kila mtu alimwambia: Bibi, wewe kaa, pumzika, umefanya kazi ya kutosha.

Miaka miwili ilipita hivyo. Miguu ile, ambayo zamani ilishuka na kupanda mteremko wa uwanda wetu na ndoo ya maji kichwani, ikawa haina kazi isipokuwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Usiku ule kizingiti kilipoigusa, haikuwa na nguvu ya kumrudisha mwenyewe wima.

Alilala kwetu wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa uzito. Nimonia ilimpata kabla mfupa haujaunga, na hakurudi nyumbani.

Hatusemi haya ili kuwalaumu watoto wake. Walimpenda mama yao. Wala sisi wauguzi tusijitoe. Kwa miaka mingi, mzee aliporuhusiwa kutoka wodini, tulimpa vidonge vyake katika bahasha, tukamwambia: Mzee, sasa ukapumzike. Hatukumwambia apumzike kwa muda gani, wala baada ya kupumzika afanye nini. Tulidhani tumempa ushauri mwema, kumbe tumempeleka kwenye kiti. Ndiyo maana leo tunaandika.

Kwa nini mzee huanguka

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na walio katika hatari kubwa zaidi ni wale waliovuka umri wa miaka 60. Kwa hiyo kuanguka si bahati mbaya tu, wala si jambo la kusingizia mkono wa mtu. Kuna sababu zake, na nyingi zinazuilika.

Mwili wa binadamu hukaa wima kwa msaada wa mambo manne. Kwanza ni macho. Pili ni kiungo kidogo kilichomo ndani kabisa ya sikio, ambacho huuarifu ubongo kichwa kimeinama upande gani. Tatu ni nyayo na viungo vya miguu, ambavyo huhisi ardhi. Nne ni misuli ya mapaja, nyonga na miguu, ambayo hupokea amri na kuurudisha mwili mahali pake. Mtu anapozeeka, yote manne hupungua. Macho yanaingia mtoto wa jicho, nyayo zinapoteza hisia, hasa kwa mwenye kisukari, na misuli inasinyaa. Lakini misuli na nyayo za mtu anayeketi kutwa hupungua upesi zaidi kuliko za mtu anayejishughulisha.

Angalieni tena mzee huanguka wakati gani. Mara nyingi si anapotembea moja kwa moja njiani. Huanguka anapogeuka ghafla kwa kuwa ameitwa kwa nyuma. Huanguka anaporudi nyuma kumpisha mbuzi, anapokanyaga pembeni kukwepa dimbwi, anapovuka kizingiti gizani, anapoinuka chooni. Maana yake ni kwamba huanguka pale anapotakiwa kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine kwa haraka, tena kwenda kando au kinyumenyume.

Basi, wapendwa, ni zoezi gani linalomfundisha mtu kuhamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule, mbele, nyuma na kando, kwa hesabu, huku ameshikwa mkono asianguke? Ni dansi.

Mzee aliyeweka fimbo kando

Fikira hii ilituingia arusini. Tulialikwa sherehe moja hapa Newala, na miongoni mwa wageni alikuwepo mzee anayekaribia miaka themanini, ambaye tunamfahamu kwa sababu huja kliniki ya presha. Kila mara huja na fimbo. Vijana walipochoka na muziki wao, mpiga muziki akaweka nyimbo za zilipendwa. Mzee yule akaegemeza fimbo ukutani, akamwendea mkewe, akamnyoshea mkono. Wakacheza chacha.

Sisi tuliokuwepo tulisahau sahani zetu, tukawa tunamtazama miguu. Alipiga hatua mbele, akarudi, akapiga nyuma, akarudi, hakuyumba hata mara moja. Mkewe naye, ambaye magoti humsumbua, alimfuata bila kutazama chini. Wimbo ulipokwisha walirudi kuketi wakicheka na kuhema kidogo, kama watu waliopanda kilima kifupi.

Tulimwuliza alijifunzia wapi. Alitujibu kuwa ni Tanga, kwenye mkonge, katika miaka ya 1960.

Dansi hii ni yetu pia

Wapo watakaosema kwamba rumba na chacha ni mambo ya kigeni yasiyowahusu wazee wa Newala na Masasi. Historia yasema vingine. Asili ya muziki huu ni kisiwa cha Cuba, ambako watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika, wengi wao wakitoka pande za Kongo, walichanganya midundo yao na magitaa na nyimbo za Wahispania. Mwaka 1933 kampuni ya Uingereza ya His Master's Voice ilianza kuuza katika Afrika mfululizo wa santuri zilizojulikana kwa herufi G.V., na nyingi kati yake zilikuwa za Cuba. Santuri hizo zikasikika Kongo na katika miji ya pwani yetu, na vijana wakatambua kitu ndani yake. Ilikuwa kama mtoto aliyepotea amerudi nyumbani akizungumza lugha nyingine.

Chacha yenyewe ni changa zaidi. Mwanamuziki wa Cuba Enrique Jorrín aliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1950, na inasemekana jina lake limetokana na sauti ya nyayo za wachezaji zikikwaruza sakafu. Huko Morogoro Salum Abdallah aliongoza bendi ambayo hata jina lake lilikuwa Cuban Marimba, mpaka alipofariki mwaka 1965. Tanga kulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Na ni nani waliokuwa wakikata mkonge katika mikoa hiyo? Miongoni mwao walikuwa babu zetu Wamakonde, Wamakua na Wayao waliokwenda huko kutafuta fedha za kodi na za mahari. Walirudi na baiskeli, wakarudi pia na chacha miguuni.

Mwezi Desemba 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kitu kinachotunzwa na dunia kama urithi, sisi tumekiacha kife pamoja na wazee wetu vibarazani.

Faida zake kwa mwili na akili

Tuzitaje faida hizo moja baada ya nyingine.

(a) Miguu na usawa wa mwili. Mwaka 2016 watafiti wa Chicago, Marekani, walitoa taarifa juu ya wazee 54 wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wa wastani wa umri wa miaka 65. Baadhi yao walifundishwa kwa miezi minne, mara mbili kwa wiki, kucheza merengue, chacha, bachata na salsa. Waliocheza, mwanzoni walikuwa wakitembea mita 400 kwa karibu sekunde 430. Baada ya miezi minne walitembea mwendo huohuo kwa sekunde 392 hivi. Kwa kijana tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mzee ni dalili kwamba miguu na pumzi vimeongezeka nguvu.

(b) Moyo, presha na kisukari. Dansi humfanya mtu aheme kidogo na atoke jasho kidogo. Moyo ni msuli, nao wahitaji kazi. Misuli ya miguu ikifanya kazi hutumia sukari iliyomo katika damu, na mishipa ya damu hulegea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watu wazima, wazee wakiwemo, wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa wenye miaka 65 na kuendelea linaongeza mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili, siku tatu au zaidi kwa wiki. Nusu saa ya rumba na chacha, siku tano, yatosha kufikisha dakika hizo 150. Hata hivyo, dansi haiondoi vidonge. Mwenye dawa za presha au kisukari aendelee kuzimeza kama alivyoelekezwa.

(c) Kumbukumbu. Anayecheza na mwenzake hana budi kusikiliza mdundo, kukumbuka hatua, na kutambua mwenzake anaelekea wapi, yote kwa wakati mmoja. Mwaka 2003 Joe Verghese na wenzake wa New York walichapisha uchunguzi wa watu 469 wenye zaidi ya miaka 75 waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Katika mazoezi ya mwili waliyoyachunguza, ni kucheza dansi pekee kulikoendana na kupungua kwa hatari ya kupotewa na akili uzeeni. Kusoma na kupiga ala za muziki navyo viliendana na upungufu huo. Tuseme kweli: uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dansi ndiyo iliyowakinga, maana huenda waliocheza walikuwa wazima zaidi tangu mwanzo. Lakini ni sababu ya kutosha ya kujaribu jambo lisilo na gharama.

(d) Ugonjwa wa kutetemeka. Wapo wazee wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao mikono hutetemeka na miguu hugandia sakafu. Mwaka 2009 Madeleine Hackney na Gammon Earhart, wa St. Louis, Marekani, walieleza kwamba wagonjwa waliofundishwa tango ya Argentina walipata nafuu katika usawa wa mwili. Tango humtaka mtu asimame, aanze tena, na arudi kinyumenyume, yaani yaleyale yanayomshinda mgonjwa huyo.

(e) Upweke. Faida hii haipimwi kwa saa wala kwa mashine ya presha, lakini sisi wauguzi tunaiona. Mzee mjane anaweza kumaliza mwaka mzima bila mtu kumshika mkono, ila muuguzi anapomtafuta mshipa. Anapokosa kuguswa na kuitwa, hamu ya kula hupungua, usingizi hukimbia, na dawa humezwa leo na kusahauliwa kesho. Dansi ya wawili humpa mzee mkono wa mtu mwingine, na sababu ya kuoga na kuvaa vizuri siku ya Jumamosi.

Pingamizi tunazozisikia

Tumeyaeleza maoni haya kwa watu mbalimbali, nao wametupinga kwa hoja nne. Twazijibu kwa heshima.

Wa kwanza husema: wazee wetu wanalima, hawahitaji mazoezi ya mjini. Ni kweli kwamba jembe huutia mwili nguvu, na mzee anayelima aendelee kulima. Lakini palizi humwinamisha mtu mbele, na kuokota korosho humwinamisha vilevile. Haimfundishi kurudi nyuma wala kugeuka. Tena msimu wa korosho ukipita, wengi huketi miezi kadhaa. Na zile safari za kuteka maji bondeni, zilizowakomaza bibi zetu, zimepungua tangu mradi wa maji wa Makonde ulipoanza katika miaka ya 1950. Tunashukuru kwamba zimepungua. Lakini kilichoondoka na ndoo hakijapata badala yake.

Wa pili husema: sisi tuna ngoma zetu. Naam, tunazo, na tunajivunia. Mzee anayeweza sindimba, na aicheze. Lakini sindimba huhitaji magoti kukunjwa sana, na ngoma zetu kubwa zina majira yake, hazichezwi kila wiki. Rumba ni ya taratibu, hatua zake ni fupi, na mtu ameshikwa. Isitoshe, kiuno kilichozoea sindimba hakisumbuki kujifunza rumba.

Wa tatu husema: dansi huleta ulevi na uhuni. Hofu hii tunaielewa, kwa sababu wengi waliiona dansi katika vilabu vya pombe usiku. Lakini pombe haimo katika hatua za miguu. Imo katika chupa. Dansi inayochezwa saa kumi alasiri, ukumbini, milango wazi, wajukuu wakiwa wamekaa kwenye mabenchi na uji ukichemka jikoni, haina nafasi ya uhuni. Tena kwa mzee anayetumia dawa za presha, pombe ni sababu nyingine ya kuanguka. Kwa hiyo sisi wenyewe hatuitaki ukumbini.

Wa nne husema: ni aibu mzee kumshika mke au mume wa mtu. Nani amesema lazima amshike? Mume acheze na mkewe. Mjane acheze na dada yake au shoga yake. Mama acheze na mwanawe wa kike. Na kwa desturi yetu upo utani wa babu na wajukuu. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na babu humwita mjukuu wa kike "mke wangu", na hakuna anayeudhika. Basi "mume" huyo aliyemaliza darasa la saba ainuke amshike bibi yake mkono. Bibi atapata mkono wenye nguvu, na kijana atajifunza chacha kutoka kwa mtu anayeijua.

Jinsi ya kuanza

1. Mahali. Chagueni sakafu ya saruji au uwanja wa udongo ulioshindiliwa, pakavu, pasipo mchanga mwingi. Ondoeni mikeka, nyaya na stuli. Pawe na mwanga. Wekeni viti pembeni kwa ajili ya kupumzika.

2. Mavazi. Kandambili hazifai, huchomoka. Viatu viwe vyepesi, vyenye kushika kisigino. Mwenye kisukari asicheze pekupeku hata sakafu ikiwa safi, maana huweza kujikata asihisi. Kanga au kitenge kifungwe kisiburuze chini.

3. Muziki. Hauhitaji bendi. Redio ndogo ya kadi au simu ya mjukuu yatosha. Anzeni na nyimbo za taratibu. Sauti isiwe kubwa mpaka watu wasisikizane.

4. Kupasha mwili. Kwa dakika tano mtembee mkizunguka ukumbi, mzungushe mabega, mnyanyue visigino huku mmeshika kiti.

5. Hatua ya kwanza. Simameni mkitazamana, mmeshikana mikono yote miwili. Hesabuni: moja, mbili, cha-cha-cha. Kwenye "moja", anayeongoza hupeleka mguu wa kushoto mbele, mwenzake hupeleka wa kulia nyuma. Kwenye "mbili", kila mmoja huurudisha uzito kwenye mguu uliobaki. Kwenye "cha-cha-cha" wote hupiga hatua tatu fupi za haraka papo hapo. Kisha hubadilishana: aliyekwenda mbele anarudi nyuma kwa mguu wa kulia, na mwenzake anakuja mbele kwa wa kushoto. Hiyo tu yatosha kwa wiki mbili za mwanzo. Msikilizeni pia mzee nyayo zake. Ikiwa mguu mmoja unaburuzwa kuliko mwingine, tuleteeni tumpime.

6. Muda. Anzeni na dakika kumi, mpumzike, mnywe maji, mrudie. Ongezeni kidogo kidogo mpaka nusu saa. Kipimo ni hiki: mzee anayecheza aweze kuzungumza, lakini asiweze kuimba. Akishindwa kuzungumza, apumzike.

7. Asiyeweza kusimama. Acheze ameketi, miguu ikipiga hesabu ileile, mjukuu akiwa mbele yake amemshika mikono. Wodini kwetu tumeanza hivyo jioni, na wale walioruhusiwa na daktari tu.

Wanaotakiwa kupimwa kwanza

Mzee aje hospitali au zahanati kabla ya kuanza ikiwa anapata maumivu ya kifua, anahema sana kwa mwendo mfupi, miguu imemvimba, amewahi kuzimia, alipata kiharusi au kuvunjika mfupa hivi karibuni, ana kidonda mguuni, au presha yake haijatulia. Akiwa tayari anacheza na akasikia kifua kinabana, kizunguzungu au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, aketishwe mara moja na aletwe hospitali bila kungoja wimbo uishe.

Ombi letu

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa nyonga iliyovunjika tiba yenyewe ni ndefu na ya mashaka. Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila familia yenye mzee imrudishie kazi zake ndogo anazoziweza, ufagio wake na safari yake ya kwa jirani, na imchezeshe angalau siku chache kwa wiki. Pili, halmashauri za parokia na jumuiya zifikirie kuufungua ukumbi alasiri moja kila wiki kwa ajili ya wazee wote, wa dini yoyote, maana magoti hayana dini. Tatu, tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, tusiridhike kuwapanga wazee viti vya mbele na kuwasomea hotuba. Baada ya hotuba tuviondoe viti, tuwashe muziki.

Tumezoea kumheshimu mzee kwa kumwambia "karibu kiti". Heshima hiyo ni njema, tusiiache. Ila mzee akishapumzika, awepo mtu wa kumnyoshea mkono na kumwinua.

Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda.